Dirisha la Udahili Limepita, Kijana Hana Chuo: Tulinganishe Milango Iliyobaki kwa Watu wa Mtwara na Lindi

Kalenda ya vyuo na kalenda ya mkulima wa Kusini hazipatani. Vyuo vikuu hufungua dirisha la maombi Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, na ikifika mwishoni mwa Oktoba masomo yanaanza. Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Masasi hushika hela minada ikianza, nayo huanza Oktoba hiyohiyo. Akaunti inasoma kitu cha maana Novemba au Desemba. Ndugu zetu wa Liwale na Nachingwea waliolima ufuta wana nafuu, maana ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Mwenye korosho peke yake anakuwa na uwezo wa kumlipia mtoto wakati wenzake wameshapanga vitanda hosteli.

Si fedha tu. Wapo vijana waliokuwa kambini JKT, simu hawana, dirisha likafunguka na kufungwa. Wapo walioomba kozi tatu zote za kugombaniwa wakakosa zote. Na wapo waliopata chuo Mwanza au Arusha, nauli na kodi ya chumba vikawashinda. Wote wanauliza: chuo gani bado kinachukua?

Vipo. Ila nafasi ya kuchelewa ina aina zake, na inayomfaa mmoja inaweza kumpotezea mwingine miaka miwili. Hapa chini naweka njia nne bega kwa bega, na ya tano, ambayo ni kusubiri, nitaigusa kwa kifupi.

Tutapima kwa nini

Kila njia nitaitazama kwa mambo yaleyale: inafunguliwa lini, inataka matokeo gani, inakula fedha kiasi gani na kama kuna mkopo, kijana ataishi wapi, na akimaliza anaweza kwenda wapi. Mwisho nitasema inamfaa nani.

Kabla ya yote hayo kuna jambo lisilo na mjadala, nalo ni uhalali. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Vyuo vya cheti na diploma pamoja na ufundi stadi viko chini ya NACTVET, baraza la taifa linalovisimamia. Dirisha likishafungwa, chuo hakina mamlaka ya kukuingiza kwa mlango wa nyuma. Mdhibiti ndiye anayefungua awamu nyingine. Kwa hiyo ukiambiwa nafasi ipo, swali lako la kwanza liwe: dirisha hili limetangazwa na nani?

Swali la pili ni la kozi yenyewe. Watu wengi wanachanganya usajili wa chuo na ithibati ya kozi, yaani kutambuliwa kwa kozi yenyewe na mdhibiti. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa, kina majengo na bango kubwa barabarani, lakini kozi unayotajiwa haina ithibati. Madhara yake hayaonekani mwaka wa kwanza. Yanaonekana siku ambayo mhitimu wa diploma anataka kuomba digrii, anatakiwa kupata AVN, yaani ile namba ya uhakiki inayotolewa na NACTVET, anaingiza taarifa zake na jina halipo. Hapo miaka na ada vimeshakwenda. Vitabu vya mwongozo wa udahili vya TCU na NACTVET hutolewa kila mwaka, vinapatikana bure kwenye tovuti zao, na vinataja chuo, kozi na sifa. Kama simu yako haifungui faili kubwa, nenda steshenari yoyote wakufungulie ukurasa wa chuo unachokitaka.

Na ukipata ujumbe unaosema nafasi chache zimebaki, tuma ada ya usajili leo kwenye namba hii ya simu, usitume. Omba kumbukumbu namba ya malipo au akaunti ya benki yenye jina la chuo. Anayekataa kukupa hivyo amekujibu.

Njia ya kwanza: awamu za mwisho za TCU

*Inafunguliwa lini.* Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo kikuu anachokitaka, si kupitia mfumo mmoja wa TCU kama zamani. Awamu ya kwanza huanza Julai hadi Agosti. Ya pili huja Septemba. Ya tatu, mwaka inapotangazwa, huangukia Oktoba na huwa ya siku chache tu, kwa hiyo anayeingojea awe ameshaandaa kila kitu.

Ni vizuri kuelewa nafasi hizo zinatoka wapi. Mwombaji mmoja anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu. TCU inamtaka athibitishe kimoja. Akithibitisha, viti alivyoviacha kule kwingine vinakuwa wazi, na ndivyo vinavyorudi sokoni awamu inayofuata, pamoja na vya kozi ambazo hazikujaa tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo, katika awamu ya pili usianze kwa kuuliza chuo. Anza na kozi, kisha tafuta vyuo vyote vinavyoifundisha. Kozi uliyoikosa Dar es Salaam inaweza kuwa na nafasi Iringa, Dodoma au hapahapa Mtwara, ambako chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris kinaandaa walimu wa shahada.

*Matokeo.* Kiwango cha chini kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016 ni masomo mawili ya prinsipo, yaani yenye ufaulu wa A hadi E, kwa jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye diploma anahitaji GPA, yaani wastani wa alama zake, ya 3.0 kwa kozi nyingi, pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne. Udaktari na kozi nyingine kadhaa wanataka zaidi ya hapo.

Hapa nawaomba wazazi waitazame slipu kwa makini, maana divisheni inadanganya. Baraza la Mitihani linahesabu kwa kupanda: A ni 1, D ni 4, E ni 5, S ni 6. Chukua vijana wawili wa shule moja. Wa kwanza ana D, D na S: 4 na 4 na 6, divisheni ya tatu pointi 14. Wa pili ana D, E na E: 4 na 5 na 5, divisheni ya tatu pointi 14 vilevile. Nyumbani wataonekana wamelingana. Kwa hesabu ya TCU, wa kwanza ana D mbili, pointi 4, anaomba digrii. Wa pili masomo yake mawili bora yanampa pointi 3, na digrii ya moja kwa moja haimpokei hata awamu zifunguliwe kumi. Wa pili asipoteze ada za maombi. Aende kwenye njia zinazofuata.

*Fedha.* Vyuo vingi vinatoza shilingi 10,000 kwa ombi. Ukishapokelewa, nje ya ada kuna vidogovidogo vinavyosahaulika kwenye bajeti ya nyumbani: 20,000 ya TCU kwa mwaka, na bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi fomu za kujiunga zimeiandika 50,400. Ongeza godoro na nauli. Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 550, na vyuo vingi viko mbele ya hapo.

Mkopo ndio unaowaponyoka wengi. Maombi ya Bodi ya Mikopo hayasubiri uwe umepata chuo; dirisha lake ni la peke yake, na hufunguliwa katikati ya mwaka. Kijana anayesema nitaomba mkopo nikishachaguliwa anakuja kuchaguliwa Oktoba na dirisha la mkopo limefungwa. Omba mapema, ukiwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Uhakiki huo unachukua siku zake. Kwa familia ambayo kijana wao yuko JKT, achukue mtu mmoja wa kuaminika, amwachie namba ya mtihani ya kidato cha nne na nywila, amfuatilie.

*Makazi.* Anayeingia awamu ya mwisho hukuta hosteli zimejaa. Hesabu kodi ya chumba mtaani, na mara nyingi wenye nyumba wanataka ya miezi kadhaa kwa mkupuo.

*Inamfaa nani.* Mwenye pointi za kutosha, aliyeomba mkopo kwa wakati, na aliye tayari kubadili chuo au hata kubadili kozi. Asiye tayari kubadili kozi asichukue chochote ili mradi yupo chuo kikuu. Miaka mitatu kwenye kozi usiyoitaka ni mirefu kuliko mwaka mmoja wa kungoja.

Njia ya pili: muhula wa Machi kwenye vyuo vya cheti na diploma

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndiyo njia inayokwenda na mfuko wa mkulima wa korosho na bado wengi hawajui kama ipo.

*Inafunguliwa lini.* Udahili mkubwa wa vyuo vilivyo chini ya NACTVET ni wa Septemba na Oktoba. Lakini kuna udahili wa pili, wa Machi, ambao maombi yake hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Januari ndiyo pia matokeo ya kidato cha nne hutoka. Kwa hiyo mzazi aliyelipwa korosho Desemba, mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne Novemba au cha sita mwaka uliopita, ana vitu vyote vitatu kwa pamoja: matokeo, hela na dirisha. Haitokei mara nyingi.

Si kila chuo kinachukua Machi, wala si kila kozi ndani ya chuo. Kozi za biashara, uhasibu, ununuzi, utunzaji kumbukumbu na kompyuta ndizo zinazoonekana mara kwa mara. Za afya usizihesabu mpaka umeziona zimetajwa kwenye tangazo la mwaka huo. Ualimu una utaratibu wake wizarani.

*Matokeo.* Cheti cha awali kinataka kwa kawaida ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, yaani D nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Afya inabagua zaidi: utabibu na uuguzi wanataka Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo kwenye hizo D. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na prinsipo moja na sabsidiari moja (ile S) anaweza kuanzia diploma moja kwa moja, akasoma miaka miwili. Wa kidato cha nne anaanza na cheti mwaka mmoja, kisha diploma miaka miwili. Afya ni miaka mitatu kwa mfululizo.

*Fedha.* Ada za vyuo vya serikali na vya binafsi zinatofautiana sana, na hata ndani ya chuo kimoja kozi hazilingani. Kitu cha kuuliza ni jumla ya mwaka mzima na inagawanywa mara ngapi. Chuo kinachokupa awamu nne kinaweza kuwa rahisi kwako kuliko chenye ada ndogo kinachotaka nusu siku ya kwanza. Uliza na yale yanayotajwa baadaye: sare, mitihani, mafunzo kwa vitendo, 15,000 ya NACTVET. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, kilimo na mifugo, madini na usafirishaji. Hilo ni jema, lakini anayeingia Machi asianze chuo kwa kuutegemea. Aingie akiwa na uhakika wa mwaka wake wa kwanza.

Kosa ninaloliona msimu hadi msimu ni familia kulipa mwaka mmoja wote kwa furaha ya malipo ya kwanza ya korosho, kisha salfa na palizi ya msimu unaofuata vikakosa hela, mavuno yakashuka, na mwaka wa pili kijana akarudi nyumbani. Ukitenga fedha ya chuo, itenge baada ya kutoa ya shamba. Shamba ndilo litakalolipa diploma.

*Makazi.* Hapa ndipo Mtwara na Lindi zinaposhinda. Kampasi ya Mtwara ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania na ya Chuo cha Utumishi wa Umma zipo mjini. Vyuo vya afya viko Mtwara, Masasi, Newala, Ndanda, na Nyangao upande wa Lindi. Chuo cha kilimo kipo Naliendele. Mtoto wa Mtwara Vijijini anaweza kusoma akilala kwa shangazi yake, chakula kikitoka nyumbani, na gharama ikapungua kiasi kwamba unaweza kumsomesha na mdogo wake. Ila kumbuka Machi mvua za msimu bado zipo. Anayetoka Liwale au vijiji vya ndani vya Kilwa asipange kusafiri siku ya mwisho ya kuripoti. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika na abiria wakakwama.

*Kinachofuata.* Diploma yenye GPA ya 3.0 inafungua digrii. Tatizo dogo ni kwamba aliyeanza Machi anaweza kumaliza nje ya kalenda ya vyuo vikuu, akakaa miezi akisubiri Julai.

*Inamfaa nani.* Wa kidato cha nne mwenye D nne au zaidi ambaye hakupangiwa na TAMISEMI au hakuridhika alikopangiwa. Wa kidato cha sita aliyepungukiwa pointi. Na familia ambayo hela yake inakuja mwisho wa mwaka. Haimfai aliye na sifa kamili za digrii na mkopo umeshatoka, labda kama ana sababu nyingine.

Njia ya tatu: Chuo Kikuu Huria

*Inafunguliwa lini.* Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, na kina vituo mikoani, Mtwara na Lindi vikiwemo. Kinapokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, ndiyo maana aliyekosa Oktoba asikipite.

*Matokeo.* Digrii zake zinafuata viwango vilevile vya TCU. Usije ukadhani kwa kuwa ni huria basi anaingia yeyote. Kinachokitofautisha ni kozi ya msingi, inayoitwa na wengi faundesheni, kwa ajili ya yule mwenye D, E na E niliyemtaja juu, au mwenye diploma iliyoshindwa kufika 3.0. Akiimaliza kwa GPA ya 3.0 na kupata angalau C katika masomo matatu ya mkondo wake, anaomba digrii, hapo au vyuo vikuu vingine.

*Fedha na makazi.* Unalipa kadiri unavyosajili masomo, unalala kwako, unaendelea na kazi au shamba. Panga kana kwamba kila senti inatoka mfukoni mwako. Usisahau bando: maudhui mengi yako mtandaoni, na kijiji kisicho na mtandao mzuri ni gharama ya nauli ya kwenda mjini mara kwa mara.

*Inamfaa nani.* Mwalimu wa msingi anayetaka digrii bila kuacha kituo. Mama mwenye watoto wadogo. Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mtendaji wa kijiji, muuza duka. Kwa kijana wa miaka 19 aliyetoka shule ya bweni alikozoea kuamshwa na kengele, nasema kwa kumpenda: apime nidhamu yake kwanza. Hapa hakuna wa kukuuliza mbona hujasoma wiki hii. Wapo vijana wanaoiweza, hasa wakiunda kikundi cha kusomea pamoja na kukutana kituoni. Wapo wanaojisajili, wakapotea kimyakimya.

Njia ya nne: VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi

*Inafunguliwa lini.* Kozi ndefu za VETA huanza Januari na fomu zake hutoka miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ukifika Novemba uliza ofisini kama fani unayoitaka bado ina nafasi. Umeme na magari hujaa haraka. Kozi fupi, kama udereva, ushonaji, upishi na kompyuta, huenda mwaka mzima. Kuna VETA Mtwara na VETA Lindi.

Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975 na nchini vipo zaidi ya 50. Huku kwetu kuna Mtawanya, Masasi, Chilala na Kilwa Masoko. Vinafundisha ufundi, kilimo, mifugo na ushonaji, na havina masharti mengi. Chini ya mpango wa Elimu Haina Mwisho, binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anarudi kusoma sekondari na ufundi kwa pamoja, na chuoni kuna malezi ya mtoto wake wakati yeye yuko darasani. Kama una binti wa hivyo nyumbani, au jirani yako anaye, tafadhali mpelekee habari hii kabla ya nyingine zote.

*Matokeo.* Hapa hata D nne hazihitajiki kwa fani nyingi. Mwenye cheti cha darasa la saba anaingia. Na fundi aliyejifunza gereji au kwa mjomba wake bila cheti anaweza kwenda VETA kupimwa na kurasimishiwa ujuzi alio nao, akapata cheti bila kuanza upya.

*Fedha.* Ndiyo nafuu kuliko zote. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu VETA imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Gharama halisi iko kwenye vifaa na sare.

*Kinachofuata.* Ufundi stadi una ngazi zake tatu, na aliyefika juu mwenye matokeo ya sekondari anaweza kuendelea vyuo vya ufundi. Lakini wengi wanaoingia huku wanataka kazi, na wana haki. Fundi umeme anayejua kazi yake Mtwara mjini halali njaa akisubiri ajira itangazwe.

*Inamfaa nani.* Anayependa kazi ya mikono, ambaye familia haina uwezo wa ada kubwa, au ambaye anahitaji kuanza kujitegemea ndani ya mwaka mmoja au miwili. Haimfai aliyeletwa na baba kwa hasira kwa sababu amefeli. Kijana wa namna hiyo hujifunza nusu.

Na kusubiri je?

Kusubiri ni chaguo halali likiwa na kazi ndani yake. Mwenye D tatu au pungufu kidato cha nne anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili huo hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba. Rudia masomo yanayokuzuia tu: anayetaka uuguzi na amekosa Fizikia hana haja ya kurudia Historia. Kusubiri bila kurudia mtihani, bila kazi, bila kozi fupi, ndiko kunakowapoteza vijana wetu, hasa wasichana ambao posa huanza kuja.

Mfano mmoja, njia mbili

Turudi kwa yule wa D, E na E. Akienda diploma Machi: miaka miwili, kisha digrii mitatu, jumla mitano. Akienda faundesheni ya Chuo Kikuu Huria: mwaka mmoja akijituma, kisha digrii mitatu, jumla minne. Kwa haraka faundesheni inashinda. Lakini tazama akikwama njiani. Wa diploma akikosa ada ya digrii ana diploma mkononi, anaombea kazi. Wa faundesheni akiishia GPA ya 2.7 hana cheti ambacho mwajiri anakitafuta. Kwa familia yenye kipato cha uhakika, kuokoa mwaka mmoja kunalipa. Kwa familia ambayo mapato yanapanda na kushuka na bei ya mnada, ningependelea diploma.

Kwa hali yako

Ni Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, una pointi 4 au zaidi, na mkopo uliomba: komaa na awamu za TCU. Orodhesha vyuo vyote vinavyofundisha kozi yako na uombe viwili au vitatu siku ya kwanza ya dirisha.

Ni Novemba, pointi unazo, lakini awamu zote zimepita: usikimbilie diploma kwa woga. Chukua kozi fupi VETA au kibarua ghalani, hakikisha cheti cha kuzaliwa RITA, omba mkopo dirisha likifunguka, uingie Julai ukiwa kamili. Kama una familia au ajira, Chuo Kikuu Huria kinakufaa tangu sasa.

Ni Desemba, korosho zimelipwa, kijana ana D nne za kidato cha nne: subirini tangazo la Machi la NACTVET, na wakati mnasubiri nendeni vyuo viwili vya karibu mkaulize ada kwa awamu na ithibati ya kozi.

Matokeo ni mabovu na hela ni kidogo: VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho karibu, Januari. Kurudia mtihani kunaweza kwenda sambamba, masomo ya jioni.

Kijana anataka utabibu au uuguzi na hana Fizikia: hakuna dirisha la kuchelewa litakalomsaidia. Ajisajili kurudia somo hilo, na anayemwambia ataingizwa hivihivi asimpe hela.

Na siku ya kwenda chuoni kuulizia, beba slipu ya matokeo halisi na nakala, cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani ya kidato cha nne imeandikwa mahali, na kalamu. Uliza ofisi ya udahili, si mtu wa getini. Andika jina la kozi kama lilivyo kwenye kitabu cha mwongozo, jumla ya ada, idadi ya awamu za kulipa na tarehe ya mwisho ya kuripoti, kisha rudi nyumbani mkakae kama familia kabla hamjalipa chochote.